Kitu cha Chumvi kwa Chai ya Saa Nne

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa nimechuchumaa mbele ya jiko, napepea makaa yasiyotaka kushika. Hakusalimu. Alisema, "Dada, Jumapili mtoto anapelekwa kanisani kuombewa. Tukitoka kuna chai ya saa nne hapa nyumbani. Uje. Na usije na maandazi."

Nikamuuliza maandazi yamemkosea nini.

"Kila mtu ataleta maandazi. Wifi ataleta keki, jirani ataleta vitumbua. Mama mkwe daktari amemkataza sukari, atakaa pale anatuangalia tunavyotafuna. Wewe lete kitu cha chumvi. Kitu cha kushibisha. Kitu ambacho mama akila, atauliza nani amekileta."

Nilielewa maana yake. Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi Kagongwa, na likizo yake ya uzazi ilikuwa imebaki wiki mbili. Alihitaji mtu wa kukaa na mtoto, na alinitaka mimi, dada yake wa tumbo moja. Lakini nyumba wanayoishi ni ya mama mkwe, na katika nyumba ile mama mkwe ndiye anayesema nani aingie na nani atoke. Wifi alikuwa tayari amempata binti mmoja kijijini, mpole, asiyejua njia ya kwenda popote. Mimi nilikuwa na sifa moja tu iliyofika kwa mama mkwe kabla yangu: kwamba harusi ya mdogo wangu niliikosa kwa sababu nilisikia dhahabu imetoka mahali, nikaenda kuona inavyotoka.

Ni kweli. Nilikwenda, nikaona, na nikarudi siku nne baada ya harusi nikiwa na vumbi mpaka masikioni.

Sasa nilitaka kuingia katika nyumba ile. Nilishangaa mwenyewe jinsi nilivyotaka. Mtoto nilikuwa nimemwona kwenye picha za simu tu, amefumba macho na kukunja ngumi kama anayebishana na mtu ndotoni, na kila nikiiangalia ile picha nilitaka kujua anabishana na nani.

Niseme kidogo nilivyo, maana bila hilo haitaeleweka kwa nini chakula kimoja kilinitesa siku tatu. Shule niliacha darasa la sita. Watu hudhani ilikuwa shida, nami huwaacha wadhani hivyo, lakini ukweli ni pamba. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Shinyanga, malori yalikuwa yanakuja kubeba pamba, na hakuna mtu aliyeweza kuniambia inakwenda wapi na inafanywa nini. Siku moja nikapanda juu ya marobota nikaenda kuona. Niliona kiwanda kinavyotenganisha mbegu na nyuzi, nikasimama pale tangu asubuhi mpaka jioni, na nilipomaliza kuelewa nikataka kujua nyuzi zinakwenda wapi. Tangu hapo sijasimama. Nimeuza dagaa Buseresere, nimefua nguo za wachimbaji, nimepika chai katika kambi tatu kule upande wa Bulyanhulu. Mahali nikishapaelewa, miguu huanza kuwasha.

Faida ya maisha ya namna hiyo ni kwamba unakula kila kitu. Kwa hiyo nilipoambiwa nilete kitu cha chumvi, sikukosa la kuchagua. Nilikuwa na mengi mno.

Kwanza nilifikiria matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa kama ngozi, halafu vikapikwa upya na karanga zilizotwangwa. Sisi tumekua kwa chakula hicho. Nikampigia mdogo wangu kumwuliza.

"Matobolwa!" alisema, kama mtu aliyekanyaga kitu. "Dada, unataka waseme tumetoka kwenye njaa? Na ni matamu hayo. Mama amekatazwa tamu."

"Ndizi na utumbo je? Kule Buseresere nilifundishwa kuzipika mpaka mtu analamba kidole."

"Utumbo siku ya mtoto?"

"Chipsi mayai?"

"Dada, hicho ni chakula cha stendi."

"Basi niachie," nikasema. "Nitaleta kitu. Usiniulize tena." Nikakata simu kabla hajaniuliza. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa sikujua.

Nilikuwa nimekumbuka chakula cha sufuria. Katika kambi moja nilifanya kazi chini ya mpishi mwanamume, mtu wa pwani, aliyewahi kupika hotelini kabla ya kuja kutafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata, lakini wanunuzi wa mawe walikuwa wanakuja kambini asubuhi kwa ajili ya chakula chake. Alikuwa anapanga viazi mbatata vilivyokatwa vyembamba chini ya sufuria, juu yake nyama ya kusaga iliyokaangwa na vitunguu na pilipili hoho, halafu viazi tena, halafu nyama tena. Mwisho anapiga mayai na maziwa, anamwagia mpaka yanapenya kila tundu. Anafunika kwa mfuniko bapa, na juu ya mfuniko anapanga makaa. Moto juu, moto chini, chini mdogo kuliko juu. Baada ya saa nzima kinatoka kimesimama kama mkate, juu kimepata rangi ya udongo wa kwetu, unakikata kwa kisu. Sheria yake ilikuwa moja: anayefungua mfuniko kabla ya wakati, anakula kilichoungua chini. Mimi nilikula kilichoungua mara nyingi kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilitaka kuona mayai yanaanza kuganda pembeni au katikati. Yanaanza pembeni.

Jumamosi nilishuka Kagongwa kutoka machimboni, nikafikia kwa rafiki yangu mmoja muuza mchele, mama wa Kipare niliyefahamiana naye sokoni. Nilimwambia nilichokusudia. Akapiga makofi. "Mgeni mpe mayai," alisema. "Kwetu mtu akikupa mayai amekuheshimu." Nami nikakubali bila kufikiri, maana hata kambini ilikuwa hivyo: mtu mkubwa akija, anavunjiwa mayai.

Asubuhi ya Jumapili niliwasha majiko mawili. Mayai kumi na mawili, nyama ya ng'ombe kilo moja na nusu, viazi nilivikata vyembamba mpaka mwanga ukapita. Sikufungua mfuniko hata mara moja, na hilo kwangu lilikuwa ni kama mfungo. Kilipoiva nikalifunga sufuria kwa vitenge viwili, nikapanda bodaboda nimelipakata kama mtoto.

"Mama, umebeba nini?" dereva aliuliza tulipofika njia kuu.

"Endesha."

"Naendesha, lakini pua inageuka nyuma yenyewe."

"Ukipita kwenye shimo hata moja, pua hiyo haitapata hata harufu."

Akaendesha kama anayebeba maji kwenye sahani.

Nyumba ilikuwa imejaa. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani chini ya turubai, na meza ilikuwa imeshaelemewa na maandazi, vitumbua, chapati za sukari na keki ya wifi iliyowekwa katikati kama mwenyekiti. Mama mkwe alikuwa amekaa mwisho wa meza, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono ya kulima mpunga, na mtoto alikuwa mapajani mwake. Nikaweka sufuria chini, nikapiga goti.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, halafu nikaongeza kwa usalama, "Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Yule wa machimboni."

"Ndiye mimi."

Akaniangalia kutoka kitambaa cha kichwa mpaka ndala. "Nilidhani utakuwa mnene," alisema.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikanyoosha mikono kumpokea mtoto, kama mama mkubwa anavyostahili. Mama mkwe hakuonyesha kama ameiona mikono yangu. Alimweka mtoto vizuri begani, akaendelea kuzungumza na jirani. Nikairudisha mikono nikaishughulisha na vitenge vya sufuria.

Wifi alikuja kunisalimia. Ni mwanamke mzuri, mcheshi, ana ulimi unaokata pande zote mbili. "Karibu, mama mkubwa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Leo hukusikia dhahabu imetoka sehemu?"

"Nimesikia, wifi. Lakini nikasikia pia kuna keki yako."

"Hee! Huyu anajibu," akasema, na nikaona hakuchukia.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndiye aliyefunua sufuria. Ni mtu wa maneno machache, fundi wa pikipiki, na alipoinua mfuniko alivuta pumzi tu. Nikageuza sufuria juu ya sinia na kile chakula kikatoka kizima, duara kamili, rangi sawasawa. Nilikata kipande cha kwanza, akakila amesimama. Cha pili jirani. Cha tatu, kikubwa, nikakiweka kwenye sahani nzuri, nikakipeleka kwa mikono miwili kwa mama mkwe.

Wakati huohuo mdogo wangu akatoka ndani na nepi mkononi. Aliona sinia, akaona ile rangi ya njano katikati ya viazi, akasimama.

"Dada," alisema polepole. "Hayo ni mayai?"

"Kumi na mawili," nikajibu kwa fahari.

Mama mkwe aliipokea sahani, akaitazama, akaiweka mezani taratibu, bila kuisukuma. "Asante, mwanangu," alisema. "Mimi mayai situmii."

Sijui kama umewahi kukumbuka kitu ghafla mpaka ukasikia joto la masikio. Bibi yetu, mama yake mama, hakula yai wala kuku maisha yake yote. Alikuwa anapika jogoo kwa ajili ya wanaume, anawapelekea, halafu anarudi jikoni kula mlenda na sisi. Wanawake wa Kisukuma wa umri wake wako hivyo wengi, na mimi ni Msukuma, nimekulia kwenye jiko lile, nilikuwa nabeba hayo mabakuli mwenyewe. Nikasahau. Machimboni tulikuwa watu wa kila kabila, na mwanamke akichemsha mayai mawili anakula moja na kuuza moja. Miaka imepita juu ya jambo lile mpaka likawa kama halikuwepo. Mtu wa kutoka mbali angesamehewa. Mimi je?

"Basi mama atakunywa chai kavu," wifi alisema, akichukua kipande chake. "Meza nzima, na mama hana cha kutafuna. Si tuliambiwa huyu ni mpishi?"

Mdogo wangu alikuwa ananitazama kwa macho ya kusema omba radhi, ukae chini, unyamaze. Ningefanya hivyo. Nilifungua mdomo ili nifanye hivyo. Kikatoka kingine.

"Mama, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini hamli. Bibi yetu naye hakula. Nilimwuliza sababu nikiwa mdogo, akanipiga na mwiko."

Mdogo wangu akafumba macho. Jirani akaacha kutafuna.

"Na mwiko?" mama mkwe akauliza.

"Na mwiko."

"Wenye ugali?"

"Wenye ugali wa moto, mama. Ulinishika hapa." Nikamwonyesha shavu.

Alianza kucheka mabegani kwanza, bila sauti, mpaka mtoto akawa anatikisika. "Mimi alinipiga bibi yangu na ufagio," alisema. "Nilimwuliza hivyo hivyo. Baadaye ndiyo tukaambiwa sababu. Kwamba msichana akila yai, akija kuolewa atazaa mtoto asiye na nywele."

Kila mtu pale alimwangalia mtoto. Miezi mitatu kasoro, kichwa kinang'aa kama kijiko, hakuna unywele hata wa kuomba.

"Mwalimu," jirani alimwambia mdogo wangu, "ulikula?"

"Mara moja tu!"

Shemeji akakohoa.

"Mara mbili," mdogo wangu akasema. "Kliniki walisema nile."

Turubai lilitikisika kwa vicheko. Wifi, ambaye hapendi kuachwa nyuma, akanigeukia. "Na wewe umekula mangapi huko machimboni? Ndiyo maana hata huyo kipara hujampata."

Hilo lilinigusa, sitasema halikunigusa. Lakini kabla sijatafuta jibu, mama mkwe alinyoosha kidole.

"Wewe nyamaza. Juzi nilikuona nyuma ya banda la kuku, ganda liko mkononi, mdomo umejaa. Na una watoto watatu wenye nywele kama misitu."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe akaendelea, sasa akisema na mimi, kwa sauti ya kawaida. "Mayai nilikuwa naokota mimi. Nachemsha mimi. Anakula baba. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba baba hakuwa na wasiwasi na nywele za wajukuu. Alikuwa anayapenda mayai."

"Basi kula leo, mama," shemeji akasema. "Hakuna wa kukuzuia."

"Yaya," akakataa kwa Kisukuma. "Nimekaa miaka yote hii bila yai, nianze leo ili iweje? Mdomo wangu hauyajui." Akakivuta kile kipande karibu, akakigeuza kwa uma, akakichungulia chini na juu. "Lakini niambie. Huku juu kumepata rangi, na chini hakukuungua. Moto uliuweka wapi?"

"Juu, mama."

"Juu wapi?"

"Juu ya mfuniko."

"Makaa juu ya mfuniko? Na majivu hayaingii?"

"Mfuniko ukiwa bapa na ukikaa sawasawa, hayaingii."

Alifikiri. Halafu akampa mdogo wangu mtoto, akasimama, akafunga kanga kiunoni. "Twende jikoni," alisema. "Nyinyi kunyweni chai."

Jikoni kulikuwa na nyama ya mchana bado haijapikwa, viazi nusu ndoo na karanga kwenye ungo. Nilimwambia kazi ya mayai ni kushikanisha. Aliuliza kama kazi ni kushikanisha tu, karanga zina ubaya gani. Nikasema sijui, sijawahi kujaribu. "Basi tutajua," alisema, akachukua kinu. Alitwanga yeye, mimi nikakata viazi na kukatakata nyama. Karanga zilipolainika alizionja kidogo kwa kidole, akaongeza maji, akakoroga mpaka ukapatikana uji mzito. Tukapanga viazi, nyama, viazi, nyama. Tukamwagia ule uji wa karanga na chumvi. Nikafunika, nikapanga makaa juu, na yeye akainama kutazama kama mtu anayetazama jino la mtoto.

Tukakaa kwenye vigoda tukisubiri. Nje walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani, wifi akiongoza.

"Duara lina urefu gani kwenda chini?" aliniuliza. Nikashangaa kwamba anajua wachimbaji huliita shimo duara. Nikamwambia nimeona la watu ishirini na tano kusimama mmoja juu ya mwingine.

"Wanapumuaje?"

Nikamwambia kuhusu mashine ya kusukuma upepo na mpira wake.

"Ikizimika?"

"Wanavuta kamba, wanatoka. Wakiwahi."

"Na jiwe lenye mali wanalijuaje?"

Alikuwa anauliza kama ninavyouliza mimi, swali moja likiwa na mguu ndani ya lingine. Hakuwahi kupita Kahama, aliniambia, isipokuwa mara moja alipopelekwa hospitali Mwanza, na hata huko alitaka kuona ziwa wakamwambia gari linaondoka. Mume, watoto sita, mpunga. Aliyasema bila kulalamika, huku akiyaangalia makaa.

Halafu akauliza, bila kugeuza kichwa, "Na hapa utakaa muda gani?"

Mdogo wangu alikuwa amenifundisha jibu. Nilitakiwa kusema, mpaka mtoto aende shule, mama, Mungu akipenda. Nilikuwa nimelirudia hata kwenye bodaboda. Niliangalia mikono yake yenye unga wa karanga na jibu likanikatalia.

"Sijui, mama," nikasema. "Sijawahi kumaliza miaka miwili mahali."

"Unaondoka kwa nini? Watu wanakufukuza?"

"Hapana. Nikishaelewa mahali panavyokwenda, miguu inawasha."

Alijipangusa karanga mikononi, kidole kimoja kimoja, nami nikaanza kuhesabu kichwani nguo zilizo ndani ya begi nililoliacha kwa muuza mchele.

"Na mtoto utamwelewa lini?" akauliza.

"Nasikia hawaeleweki."

"Mimi ninao sita. Wa kwanza ana miaka arobaini na tano. Bado." Akasogeza kaa moja lililokuwa linataka kuanguka. "Siku ukiwashwa miguu, unaniambia mimi kwanza. Si mdogo wako, atalia. Si mwanangu, hatasema kitu. Mimi. Mwezi mzima kabla."

"Sawa, mama."

"Harusi ulikosa."

"Nilikosa, mama. Nisamehe."

"Ilikuwa nzuri. Nyama ndiyo iliisha mapema." Akanusa. "Tufungue?"

Nilitaka kufungua kuliko yeye. "Bado kidogo," nikasema.

Tulipofungua, hakikuwa kimesimama. Karanga zilikuwa zimeganda juu na kupasuka kama udongo wa jaruba la mpunga baada ya mavuno, na ndani ulikuwa mchanganyiko mzito usiokatika kwa kisu. Nilianza kusikitika. Mama mkwe alichukua mwiko, akachota, akajaza bakuli, akarudi nalo uani akiwa ametangulia, mimi nyuma na sufuria. Alikaa mahali pake. Akampokea tena mjukuu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kula. Alikula kama mtu aliyetoka shambani, na bakuli lilipofika nusu akasema, "Nyama ukate ndogo zaidi." Wenzake mezani waliacha keki wakaja na visahani.

Wifi alionja, akaonja tena. Halafu akakumbuka kilichokuwa kimemleta. "Mama, yule binti nimemwambia apande basi Jumanne."

"Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Asipande."

"Kwa sababu gani? Ameshafunga nguo."

"Mwambie afungue. Amekuja mtu mzima."

Wifi alinitazama, akamtazama mama yake, akatoa simu. "Mtu mzima," alinong'ona akipita karibu yangu. "Tutaona nani atalia kwanza, wewe au kipara." Lakini alinipiga begani kwa namna ya mtu anayekaribisha, akaenda kusimama karibu na geti penye mtandao. Mdogo wangu alikuwa amegeuka upande wa ukuta anajipangusa macho na ileile nepi, kwa bahati nzuri ilikuwa safi.

Bakuli la mama mkwe lilikuwa linateleza mezani kila akichota, maana hakuwa na mkono wa kulishikilia. Alilifuatia mara mbili, mara tatu. Halafu akageuka upande wangu, akamwinua mtoto kutoka kwapani, akamnyoosha kwangu kama anayenipa kikapu.

"Shika huyu," alisema. "Nataka kula vizuri."

Nikamshika. Kichwa chake kilikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na moshi wa jikoni. Alifungua jicho moja, akaniangalia kwa makini, bila haraka, kama anayetaka kujua nimetoka wapi.